Kabla ya ghorofa jingine la wamachinga, tuitazame nyumba ya vyumba sita

Kila mara wamachinga na mafundi wanapohamishwa katika mji huu wa Dar es Salaam, huja ahadi moja: tutawajengea jengo la kisasa. Habari za aina hiyo nimeziandika mara nyingi kiasi kwamba naweza kuandika nyingine huku nasinzia. Kuna meza ya viongozi yenye kitambaa na chupa za maji. Kuna mchoro wa rangi umebandikwa ukutani. Sisi waandishi tunauliza litagharimu kiasi gani na litakamilika lini, tunajibiwa, tunakimbilia chumba cha habari kuandika. Sijasikia mtu akiuliza: ndani ya jengo hilo watu watafanya kazi gani hasa? Watauza tu, au watatengeneza vitu?

Swali hili linaonekana dogo lakini si dogo hata kidogo. Mtu anayeuza mikanda anahitaji mahali pa kusimama na pa kutundika mikanda. Anayetengeneza mikanda anahitaji meza, mwanga, mahali pa kuweka ngozi, mahali pa gundi isiyomchoma mtoto wa jirani, na bado anahitaji mteja apite aione mikanda yake. Ukimpa huyu wa pili nafasi ya yule wa kwanza, baada ya miezi michache utakuta ameacha kutengeneza. Atakwenda kununua mikanda ya jumla iliyotoka nje, ataitundika, atauza. Umemjengea jengo, na humo humo umemuua fundi.

Hoja yangu ni kwamba historia ya mji wetu ina jibu la swali hili, na halihitaji mshauri kutoka Ulaya. Naomba tuirudie hatua kwa hatua.

Tuanze na nyumba. Nyumba ya Kiswahili unaifahamu, huenda umezaliwa humo: mlango katikati, ukumbi mrefu unaopita toka mbele hadi nyuma, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, halafu uani kwenye jiko, choo, bafu na stoo. Mbele kuna baraza. Nyumba ya namna hii ilienea pwani yetu, ikasafiri na misafara ya biashara hadi Tabora na Ujiji, na Wajerumani na Waingereza walipopanga viwanja vya Kariakoo, nyumba hiyo ndiyo iliyojaza viwanja vile. Baadaye ikahamia Ilala, Magomeni, Temeke na kwingineko.

Wasomi wengi wameiandika kama nyumba ya kuishi. Ni kweli, lakini mimi nimekulia ndani ya moja Magomeni, na naweza kusema bila wasiwasi kwamba ile ilikuwa pia karakana, ghala na soko. Chumba cha mbele kulia kilitobolewa dirisha la barabarani kikawa duka la sabuni na mafuta ya taa. Duka lilipokufa, kikawa saluni. Saluni ilipohama, dirisha likazibwa kwa mbao, akapangishwa mtu na mkewe. Barazani alikaa fundi cherehani mchana, jioni mama mmoja akawasha jiko lake la chapati palepale. Uani mzee mmoja alikuwa akitengeneza majiko ya mkaa kwa madebe. Makelele yake tuliyazoea kama watu wa karibu na reli wanavyozoea treni.

Angalia jinsi jengo lenyewe lilivyofanya kazi. Baraza ilikuwa ya kazi inayotaka kuonekana. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi inayotaka kufungwa kwa kufuli usiku. Uani ilikuwa ya kazi yenye moshi, maji na kelele. Ukumbi uliunganisha zote, kwa hiyo fundi wa uani aliweza kupitisha majiko yake hadi barazani bila kuzunguka mtaa. Vyumba vyote vilikaribiana ukubwa, hivyo hakuna kilichokuwa kimeamua tangu siku ya kujengwa kwamba hiki ni cha duka na hiki ni cha kulala. Mtu aliyeanza na meza moja barazani angeweza kuchukua chumba, na mambo yakimwendea kombo angerudi barazani. Hakufilisika moja kwa moja.

Wahindi wa Dar nao walikuwa na lao. Ukipita mitaa ya Kisutu na jirani zake bado utaona majengo ya ghorofa moja au mbili, duka chini, familia juu, na nyuma ua mdogo. Mshonaji, sonara au mwenye duka la vitambaa aliishi juu ya kazi yake. Umbo lilikuwa tofauti na la Kariakoo lakini wazo lilikuwa lilelile: kazi, bidhaa na maisha chini ya paa moja.

Sasa serikali za kikoloni hazikupenda mchanganyiko wa namna hii, au tuseme ziliuvumilia tu. Tangu kanuni ya ujenzi ya Wajerumani ya mwaka 1891, mji uligawanywa kwa aina ya majengo, na mgawanyo huo ukawa pia mgawanyo wa rangi za watu. Waingereza waliendeleza mambo hayo: Wazungu kwao, Wahindi na biashara katikati, Waafrika Kariakoo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati kama uzio usio na waya. Jina Kariakoo lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Baadaye viwanda vikapangiwa eneo lake kando ya Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Kwenye ramani, mtu alilala sehemu moja na kufanya kazi sehemu nyingine. Kwenye maisha, fundi wa Kariakoo aliendelea kulala hatua tano kutoka kwenye cherehani yake kwa sababu hakuwa na nauli ya kuishi kama ramani inavyotaka.

Uhuru ulipokuja tulirithi ramani ile. Aprili 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na majengo mengi ya Uhindini yakawa mikononi mwa Msajili wa Majumba. Mwaka 1973 Bunge likaunda SIDO, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo. SIDO lilikuwa wazo zuri kweli: mitaa ya viwanda vidogo, mabanda ya pamoja, mashine, mafunzo. Mafundi wengi wa nchi hii wamepitia huko. Lakini mtaa wa viwanda, kwa asili yake, unamtaka mtu ambaye tayari ni mwenye kiwanda. Kijana mwenye msumeno mmoja na randa aliyoazima hakai humo. Yeye anaanzia barabarani, Keko au Gerezani, ambapo mteja anamwona akiwa kwenye gari.

Katika miaka hiyohiyo mji ulipata jengo moja ambalo lilielewa mambo haya vizuri. Nalo ni Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu majengo wa Kitanzania, Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege inayopitisha hewa na kukusanya maji ya mvua. Chini ya ardhi kuna sakafu ya kuhifadhia na kushughulikia mizigo, juu kuna kuuza, na kando yake kulikuwa na soko la wazi. Maana yake ni kwamba gunia la viazi na mteja mwenye kikapu havikupigana vikumbo mlangoni. Unaweza kusema hilo ni soko, si karakana, na ni kweli. Lakini Amuli alianza na swali la kazi: mzigo unaingiaje, unakaa wapi, unatokaje. Umbo likafuata baadaye.

Halafu zikaja nyakati ngumu za miaka ya 1980. Mwaka 1983 ilipitishwa Sheria ya Nguvu Kazi, na watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi wakakamatwa mijini na kupelekwa vijijini. Wengi wao walikuwa na kazi! Walikuwa wanachoma mahindi, wanashona viatu, wanauza maji. Tatizo ni kwamba kazi zao hazikuwa na jengo wala karatasi. Uchumi ulipofunguliwa baadaye katika miaka hiyo, vijana walirudi, wengi kutoka kusini, na ndipo neno machinga likaenea hadi leo kila mwenye bidhaa mkononi anaitwa hivyo, awe Mmakonde au Mchaga.

Kuanzia hapo historia ya kazi ndogondogo mjini kwetu imekuwa kama mchezo wa kujificha. Mgambo wanakuja, turubai linakunjwa. Mgambo wanaondoka, turubai linatandazwa. Na jibu kubwa la serikali kwa mchezo huo likawa jengo: Machinga Complex, Ilala, karibu na Karume. Halmashauri ya jiji ya wakati huo ilijenga kwa mkopo wa NSSF, na mwaka 2010 jengo likawa tayari, ghorofa kadhaa, likiwa na vizimba takriban 4,000.

Unajua kilichotokea. Vizimba vingi vilikaa tupu miaka na miaka huku barabara ya nje ikijaa watu. Maelezo ya kawaida niliyoyasikia ni mawili. Viongozi husema machinga hawataki utaratibu. Machinga husema huku juu wateja hawapandi. Mimi naona la pili lina ukweli zaidi, lakini halitoshi. Panda mwenyewe ukatazame kizimba. Ni kidogo, kimepangwa kwa safu pamoja na vingine vinavyofanana nacho, na ukubwa wake umeshaamua wewe ni nani: muuzaji wa vitu vidogo vilivyokwisha kutengenezwa. Humwoni seremala akipiga randa pale. Hata fundi cherehani mwenye mashine mbili na meza ya kukatia ana shida. Huwezi kuchukua vizimba vitatu ukavunja kuta na kuanza kitu. Nyumba ya vyumba sita ilimpa mtu nafasi ya kubadilika. Kizimba kinampa nafasi ya kukaa.

Wakati huohuo Kariakoo yenyewe ilikuwa inabadilika. Tangu miaka ya 1990 nyumba za vyumba sita zimebomolewa moja baada ya nyingine na maghorofa yamepanda. Simlaumu mwenye nyumba. Ardhi ile ni dhahabu. Ila tazama kilichopotea. Baraza imekuwa fremu. Uani imekuwa fremu. Ukumbi umekuwa ujia wa fremu. Na fremu ya Kariakoo ina kilemba chake na kodi ya miezi mingi kwa mpigo, hivyo anayeiweza ni mfanyabiashara wa bidhaa zinazozunguka haraka. Yule mtengeneza majiko wa uani hana pa kwenda ila pembeni ya mji au ukingo wa barabara. Mji umebaki na maduka mengi sana na mafundi wachache sana.

Sasa tuvuke mpaka, maana majirani zetu walikutana na tatizo hilihili wakajaribu njia nyingine. Nairobi nako halmashauri ilikuwa ikibomoa vibanda vya mafundi. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, ulitoa ripoti kubwa kuhusu ajira Kenya. Ripoti ile ilisema wazi kwamba watu hawa wanazalisha, wanafundisha vijana na wanatumia mtaji mdogo, na kwamba kuwabomolea ni hasara kwa nchi. Ilichukua zaidi ya miaka 10 maneno yale kufika chini. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji waliokuwa wakifua mabati juani, na baada ya hapo wakajengewa vibanda vilivyokuja kuitwa vibanda vya Nyayo. Jua kali, jina lililokuwa la kejeli, likawa jina la sera. Mwaka 1988 ikaundwa hata wizara iliyoshughulikia mafunzo ya ufundi na mambo yao.

Vibanda vyenyewe havikuwa na fahari yoyote. Paa la bati juu ya nguzo, basi. Lakini hapo ndipo penye somo. Serikali ilitoa kile ambacho fundi mmoja hawezi kujipatia, yaani kivuli na uhakika kwamba kesho hatabomolewa, na ikawaachia mafundi wenyewe kupanga nani akae wapi, meza iwe kubwa kiasi gani, na jirani wa nani awe nani. Mkata bati akakaa karibu na mkunja bati, mkunja bati karibu na mpiga rangi. Masanduku ya wanafunzi, masufuria, mikokoteni, makarai, vyote vilitoka humo. Jiko la mkaa lenye udongo ndani, lile linalookoa mkaa, lilipoanza kusambazwa Kenya miaka ya 1980, ganda lake la bati lilitengenezwa na mafundi wa aina hii, kwa sababu ujuzi na mabati vilikuwa tayari mahali pamoja.

Sitaki mtu aseme naitukuza Kamukunji. Vibanda havikutosha, watu walifurika nje yake, na suala la hati za ardhi lilibaki na mvutano kwa miaka mingi. Wala siitukuzi nyumba ya vyumba sita. Choo kimoja kwa watu 20, vumbi la mbao kwenye vifua vya watoto, mkaa unaowaka karibu na petroli, mwenye nyumba anayekuamsha asubuhi na kukuambia uhame: yote hayo ni ya kweli. Na ardhi ya katikati ya mji haiwezi tena kubeba nyumba ya chini tu. Ninachosema ni kwamba wazo la nyumba ile linaweza kupandishwa ghorofani, na sisi tumepandisha kizimba badala yake.

Kwa nini naliandika leo? Kwa sababu mzunguko haujaisha. Desemba 2018 wafanyabiashara wadogo walipewa vitambulisho kwa shilingi 20,000 kila kimoja, na wakaambiwa wasibughudhiwe. Oktoba 2021 wakaambiwa waondoke barabarani waende maeneo yaliyotengwa. Januari 2022 Soko la Karume, lililokuwa limefurika watu, likaungua usiku na mali za watu zikateketea. Kila tukio la namna hii huamsha wito wa kujenga, na jengo likishasimama ni la miaka 50. Kosa la ramani halifutiki kwa tamko.

Kwa hiyo kama kuna mtu anachora sasa hivi, haya ndiyo ambayo historia yetu inamwambia. Ghorofa la chini liwe la kazi nzito na chafu, sakafu ngumu, milango mipana ya kupita mkokoteni, umeme wa kuendesha mashine ya kuchomelea. Upande wa barabarani uwe baraza ndefu yenye kivuli, ipangishwe kwa siku, ili anayeanza na meza moja apate pa kuanzia. Ghorofa za juu ziwe sakafu wazi zenye kuta za mbao zinazohamishika, mtu achukue hatua nne leo na hatua kumi mwakani. Katikati au nyuma kuwe na uani: maji, vyoo vya kutosha, mama lishe, mahali pa kukaushia vanishi mbali na moto, na njia pana ya kukimbilia. Stoo ya kufunga usiku iwe ya pamoja. Na kabla ya mchoro kupitishwa, wakae na wanaofanya kazi, si viongozi wao tu, wawaulize mzigo unaingiaje na unatokaje. Amuli alijiuliza hilo miaka 50 iliyopita.

Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji teknolojia mpya. Kinachohitajika ni kukubali kwamba fundi ni mzalishaji, wala si uchafu wa kuondolewa barabarani ili gari zipite. Tukiendelea kujenga vizimba, tutapata kile vizimba vinachoweza kuzaa: mji wa watu milioni kadhaa wanaouziana vitu vilivyotengenezwa na watu wengine, mahali pengine.

Safari nyingine nikiwa kwenye meza ile yenye kitambaa na chupa za maji, nitauliza swali langu. Nanyi wenzangu wenye kalamu na kamera naomba muulize pia. Kama una mfano wa jengo la mafundi linalofanya kazi vizuri, uwe Mwanza, Mombasa au Bujumbura, niambie. Nitakwenda kulitazama kwa nauli yangu.